Shukrani na Ganzi

Yako maswali ya maadili yanayoulizwa na wenye hekima vitabuni, na yako mengine yanayoulizwa barazani na jikoni na watu wasiojua kwamba wanauliza jambo kubwa. Swali la insha hii ni la namna ya pili. Ni hili: mtu aliyeokolewa na mauti, je, ana haki ya kulalamikia jeraha aliloachiwa na kitu kile kile kilichomwokoa?

Wengi watajibu upesi kwamba hana. Watasema kuwa aliyepewa uhai amepewa kila kitu, na kwamba anayelalama baada ya kupewa ni mfano wa mtu aliyealikwa karamuni akaanza kuhesabu chuya katika wali. Jibu hili lina sura ya uchaji na busara, na kwa ajili ya sura yake hiyo husadikiwa bila ya kupimwa. Nia yangu ni kulipima. Na ili tusipime hewa, nitalipima kwa mfano mmoja ulio karibu nasi, nao ni ganzi na maumivu yanayowapata watu wengi waliotibiwa saratani kwa dawa.

Saratani ni uasi wa chembe za mwili. Chembe njema huzaliwa, hufanya kazi yake, hujigawa kwa kiasi na hufa kwa wakati wake. Chembe ya saratani hujigawa bila ya kiasi, ikala nafasi na chakula cha wenziwe. Dawa ziitwazo kemotherapi huingizwa mwilini, aghalabu kwa njia ya mshipa wa damu, zikaenea kila pembe kuziwinda chembe zinazojigawa upesi. Walakini dawa hizo hazina macho. Huweza kumpiga raia mwema pamoja na mwasi. Nywele hunyonyoka, kinywa huota vidonda, damu hupungua nguvu. Mambo hayo watu huyajua kwa kuwa huonekana. Lisilojulikana sana ni kwamba baadhi ya dawa hizo huumiza mishipa ya fahamu, yaani zile nyuzi zinazopeleka ubongoni habari za joto, baridi, mguso na maumivu, na kurudisha amri kwenye misuli.

Miongoni mwa dawa hizo iko moja ambayo asili yake si ngeni kwa watu wa Pwani. Inatokana na mmea mdogo wa kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Ua lake lina petali tano, rangi yake ni ya waridi au nyeupe, nao hustahimili mchanga na jua kali, hata hupandwa mbele ya nyumba nyingi kwa pambo tu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliyachunguza majani yake kwa kuwa yalisifiwa huko Jamaika kuwa dawa ya kisukari. Hawakupata dawa ya kisukari. Waliona kwamba maji ya majani yale yanapunguza chembe nyeupe za damu, na kutokana na ugunduzi huo na kazi ya wataalamu wengine wa Marekani zikapatikana dawa mbili za saratani. Moja ya hizo, vinkristini, iliruhusiwa kutumiwa Marekani mwaka 1963.

Haikupita miaka mingi dawa hiyo ikafika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya kwa namna asiyoielewa. Akaanza kuwatafuta watoto wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari za saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuitibu, nacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto ambao zamani wangalizikwa baada ya muda mfupi walitibiwa kwa dawa, na wengi wao wakapona. Vinkristini ilikuwa miongoni mwa dawa hizo. Hapana mtu mwadilifu anayeweza kuisoma habari hii asiiheshimu dawa.

Sasa tuitazame dawa hiyo hiyo kwa upande wake wa pili. Ndani ya chembe za mwili mna vijibomba vyembamba mno visivyoonekana kwa jicho. Chembe inapojigawa huvitumia vijibomba hivyo kuuvuta urithi wake pande mbili. Vinkristini huvizuia visijengeke, na chembe ya saratani isiyoweza kujigawa hufa. Lakini vijibomba vya namna ile ile ndivyo reli ya mshipa wa fahamu. Juu yake husafirishwa mahitaji ya mshipa kutoka karibu na uti wa mgongo mpaka vidole vya miguu, safari inayokaribia urefu wa mita moja kwa mtu mzima. Reli ikiharibika, kituo cha mwisho ndicho cha kwanza kuona njaa. Ndiyo sababu ganzi huanzia katika ncha za vidole vya miguu, ikapanda kidogo kidogo, kisha ikaingia vidole vya mikono, kama kwamba mgonjwa amevaa soksi na glavu asizoweza kuzivua. Mtoto aliyekuwa akikimbia huanza kujikwaa, kwa kuwa ncha ya mguu wake hainyanyuki tena kama inavyotakiwa.

Dawa nyingine hufika mahali pale pale kwa njia nyingine. Paklitakseli, ambayo asili yake ni gome la mti wa magharibi ya Amerika ya Kaskazini, na ambayo hutumiwa sana kwa saratani ya matiti na ya ovari, huvikaza vijibomba hivyo hata vikashindwa kufanya kazi. Sisplatini na oksaliplatini zina madini ya platini ndani yake, nazo hudhuru chembe zenyewe zinazozaa nyuzi za fahamu. Sisplatini yaweza pia kupunguza usikivu wa masikio. Oksaliplatini, ambayo hutumiwa kwa saratani ya utumbo mpana, humfanya mgonjwa aogope baridi: akishika chupa iliyotoka katika friji, au akitia udhu kwa maji ya mtungi alfajiri, vidole humchoma kama vimeguswa na umeme.

Jambo hili si la watu wachache. Mwaka 2014 watafiti walizikusanya pamoja tafiti 31 zenye wagonjwa 4,179 waliotumia dawa za kemotherapi, wakapima ni wangapi waliopatwa na dalili za kuumia mishipa ya fahamu. Katika mwezi wa kwanza baada ya dawa kwisha, walikuwa kiasi cha 68 katika kila 100. Baada ya miezi mitatu walikuwa 60. Baada ya miezi sita au zaidi walikuwa bado 30. Basi wengi hupata nafuu kwa kupita wakati, lakini wako wasioipata, na wako ambao dalili zao huzidi kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kusimamishwa.

Nimeeleza kwa urefu namna madhara haya yanavyotokea, kwa sababu hoja yangu yote yasimama juu yake. Katika dawa kama vinkristini, tendo linaloponya na tendo linaloumiza ni tendo moja. Daktari hakukosea, muuguzi hakuzembea, mgonjwa hakuvunja mwiko. Upanga ule ule uliomkata adui umemkata na mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu anayelalamikia ganzi baada ya kupona hamshtaki mtu yeyote. Anatoa habari. Na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea: tunadhani kila lalamiko ni mashtaka, na kwa kuwa hatuoni mshtakiwa, tunaona kwamba na lalamiko halina haki ya kuwapo.

Wakazi wa Mkomani na mitaa inayopakana nao wana mfano mwema wa jambo hili njiani mwao. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha bara ya Mombasa kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Palijengwa mnara wa kengele, na inasimuliwa kwamba kengele ile iligongwa kuwaonya wanakijiji wanapokuja wafanya biashara ya watumwa, ili wakimbie au wajilinde. Mnara ungali umesimama, na mahali pale pakaitwa Kengeleni. Mshipa wa fahamu ni kengele ya mwili. Kazi yake ni kutoa onyo kabla ya hatari kuwa msiba. Kengele hiyo ikiharibika, huharibika kwa namna mbili. Huweza kunyamaza adui anapokuja, na hapo mguu hukanyaga msumari, au mkono hushika sufuria ya moto, na mwenyewe asijue mpaka aone damu au lengelenge. Au huweza kulia usiku kucha pasipo adui, na hapo nyayo huwaka kama zimesimama juu ya makaa, ilhali ngozi ni nzima na hapana kidonda. Mgonjwa mmoja aweza kuyapata yote mawili kwa pamoja, ganzi mchana na moto usiku. Basi kengele ya mwili ikishaharibika, ulimi ndio kengele iliyosalia. Tukiunyamazisha na ulimi, kijiji kimebaki bila ya mlinzi.

Na tusidhani kwamba hasara yenyewe ni ndogo kwa kuwa haionekani. Mchuuzi wa soko la Kongowea anayetia mkono mfukoni hawezi tena kuitambua sarafu ya shilingi kumi na ya ishirini kwa kuigusa. Mama hushindwa kufunga vifungo vya shati la mwanawe. Mzee huvukwa na ndara njiani, akaendelea na mwendo bila ya kujua kwamba mguu mmoja u wazi, mpaka mpita njia amwite. Mtu aliyezoea kupanda matatu bila ya kufikiri huanza kuiangalia ngazi yake kama anayeangalia ukingo wa kisima. Kila moja ya hasara hizi, ukiitaja peke yake, ni ndogo hata yaonekana aibu kuitaja. Zikikusanywa pamoja ni kiasi kikubwa cha maisha ya mtu. Heshima ya mtu mzima imefumwa kwa mambo madogo anayoyafanya mwenyewe bila ya kuomba msaada.

Inanipasa sasa niwasikilize kwa haki wale wanaosema kwamba aliyepona na anyamaze. Hoja yao ya kwanza ni shukrani. Wanasema: wangapi walikosa hata hiyo dawa? Wangapi waligunduliwa ugonjwa wakati dawa haikufaa tena? Wangapi walikosa nauli na gharama? Muuguzi anayetoka kumfunika maiti katika kitanda kimoja, akifika kitanda cha pili akaambiwa habari za vidole vya miguu, je, si haki yake kuona kwamba anachezewa? Hoja hii ina uzito. Yatoka katika nchi ambayo wengi wameonja uhaba, na aliyeonja uhaba hujifunza kutoomba la pili.

Walakini hoja hii imechanganya vitu viwili. Tuseme mtu ametumbukia katika mkondo wa Likoni, akawa anazama, na baharia akamvuta kwa nguvu hata bega lake likateguka. Anapofikishwa pwani, ni wajibu wake kumshukuru baharia, na kama ana moyo, atamshukuru maisha yake yote. Lakini hapana mtu pwani atakayemwambia: kwa kuwa umeokolewa, usiseme habari za bega. Wote wataona kwamba kushukuru ni jambo moja na kurudisha bega mahali pake ni jambo la pili, na kwamba baharia mwema ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema, “Aitwe mtu wa kumtazama bega.” Shukrani hulipwa kwa kukumbuka wema, na kwa kumtendea mwingine wema kama ule. Hailipwi kwa kuficha maumivu. Mtu anayedai alipwe kwa ukimya wa aliyemsaidia hakutoa msaada, alitoa mkopo.

Kadhalika, kulinganisha misiba hakupunguzi msiba. Maumivu ya aliyekufa kitanda cha pili hayakuondoa maumivu ya aliye hai kitanda cha kwanza. Kama tungekubali kwamba mwenye msiba mdogo anyamaze mbele ya mwenye msiba mkubwa, basi duniani pangekuwa na mtu mmoja tu mwenye haki ya kulia, na sisi sote tungekuwa tunamtafuta. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wala hawakusema kwamba kunguni wa kitanda kidogo hawaumi.

Hoja ya pili ni ya faida. Wanasema: hata akilalamika, itafaa nini? Na ni kweli kwamba mpaka leo haijapatikana dawa iliyothibitika kuzuia madhara haya, na kwamba kwa mtu mwenye maumivu dawa iliyothibitika kufaa kidogo ni duloksetini, nayo hupunguza maumivu wala hairudishi mshipa ulioharibika. Kama dawa ni haba hivi, lalamiko la nini?

Nitajibu kwa mambo matatu. Kwanza, lalamiko linalotolewa mapema hubadili matibabu. Daktari anaweza kupima reflaksi ya kifundo kwa kinyundo, na kupima mtetemo kwa uma wa chuma, lakini sehemu kubwa ya maarifa haya imo kinywani mwa mgonjwa. Akielezwa kwamba ganzi imetoka katika vidole ikafika vifundoni, aweza kupunguza kipimo, kuahirisha dozi, au kubadili dawa. Asipoambiwa atatoa kipimo kile kile. Pili, lalamiko huzuia dhara la pili. Jamaa wakijua kwamba miguu ya mzee haina habari, watamkataza kutembea pekupeku juu ya mchanga wa saa saba mchana, watayapima maji ya kuoga kabla yake, watamwachia taa usiku, watauondoa mkeka uliokunjamana njiani, na kila jioni watazitazama nyayo zake kama zina kidonda asichokisikia. Haya hayahitaji fedha, yahitaji kujua. Tatu, mtu anayesadikiwa hubeba mzigo wake kwa nguvu zaidi kuliko anayeambiwa kwamba mzigo haupo. Maumivu yasiyoonekana yana adhabu mbili: ya kuumwa, na ya kuonekana mwongo. Ya kwanza hatuwezi kuiondoa siku zote. Ya pili ni kazi yetu wenyewe, na twaweza kuiacha leo.

Lakini hapa lazima nitaje ugumu ambao haufumbuliwi kwa maneno mazuri. Wako wagonjwa wanaoficha ganzi kwa makusudi, kwa sababu wanaogopa kwamba wakisema watapunguziwa dawa, na dawa ikipungua saratani itarudi. Hofu hiyo si upumbavu. Kupunguza dawa kwaweza kuwa na bei yake, kama kuendelea nayo kulivyo na bei. Nani achague? Tuseme yuko mshona kofia wa Mkomani, mtu ambaye riziki yake yote imo katika ncha za vidole, anayefuata matundu ya kofia ya vito kwa sindano tangu asubuhi mpaka jioni. Na tuseme yuko jirani yake, mlinzi wa lango, mwenye ugonjwa ule ule na dawa ile ile. Vidole vyao kwa mizani ya hospitali ni sawasawa. Kwa mizani ya maisha si sawa hata kidogo. Dawa ikitolewa kwa tumaini la kuufuta ugonjwa kabisa, huenda mshona kofia akasema, “Vichukue vidole, niachie roho, nitajifunza kazi nyingine.” Dawa ikitolewa kwa kuongeza miezi, huenda akasema kwamba miezi asiyoweza kushona si miezi anayoitaka. Mimi siwezi kumchagulia, na daktari pia hawezi kumchagulia peke yake. Anayelipa bei ndiye anayepaswa kuitajiwa bei kabla ya kulipa.

Jambo hili si hisani tu, limekuwa sheria. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na amweleze, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha anayoielewa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nichague kuliandika jambo hili katika kitabu cha wanafunzi, maana hapa swali linaacha kuwa la madaktari na wagonjwa likawa lenu.

Faili la hospitali huandikwa kwa Kiingereza. Bibi aliyezaliwa Kisauni au Rabai husema Kiswahili au Kigiriama. Kati ya hao wawili, mara nyingi, ameketi kijana wa sekondari aliyevuka Daraja la Nyali pamoja na bibi yake, akakosa masomo siku ile ili awe mkalimani. Daktari ana watu wengi mlangoni. Auliza, “Anaendeleaje?” Bibi ajibu kwa kituo, “Mwambie, mjukuu wangu, miguu yangu imeisahau ardhi. Nikikanyaga naona kama nakanyaga pamba. Na usiku yaniwaka.” Kijana atazama saa, atazama foleni, aona haya kumweleza mtu mkubwa habari za pamba, akasema kwa Kiingereza maneno mawili ambayo maana yake ni kwamba bibi hajambo. Hakusema uongo kwa nia mbaya. Lakini kengele ya mwisho imenyamazishwa na mkono wa mtu anayempenda bibi kuliko wote waliomo chumbani.

Mkalimani ameaminiwa amana. Hana mamlaka ya kupunguza alichopewa, kama vile tarishi hana mamlaka ya kuifungua barua akafuta mistari anayoiona haina maana. Tena lugha yetu si maskini katika jambo hili hata tupate udhuru. Tunayo ganzi, ambayo ni kukosa hisia. Tunao mchonyoto, ambao ni maumivu ya kuchomachoma kama ya chumvi katika kidonda. Tunao mwasho, tunao mnyong'onyeo, tunayo maumivu ya kuwaka na ya kukereketa. Kila neno lina mahali pake, na daktari anazihitaji tofauti hizo, kwa sababu dawa inayotuliza moto huenda isifae kitu kwa ganzi. Kijana anayeyajua maneno ya lugha yake na ya lugha ya pili, akayatumia kwa uaminifu mbele ya daktari, ameyatendea masomo yake haki kuliko aliyeyatumia kwa kushinda mtihani tu.

Liko onyo moja ambalo lazima liambatane na haya yote. Haki ya kulalamika si haki ya kuchafua. Anayesema, “Dawa iliniponya na imeniachia ganzi,” amesema kweli yote. Anayesema, “Zile dawa ni sumu, msiende hospitali,” amechukua nusu ya kweli akaifanya mtego, na watakaonaswa ni wale watakaokimbilia kwa wauza mizizi hadi uvimbe uwe hauna dawa. Lakini mtego huo hautegwi na mlalamikaji peke yake. Hutegwa pia na wale wanaoficha madhara ili kuilinda sifa ya dawa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba hapana dhara, kisha akalikuta, hatamsadiki tena aliyemwambia, na atawaambia jirani zake wasimsadiki. Aliyeambiwa mapema kwamba ganzi yaweza kuja, ikija ataitambua, ataisema, na atarudi siku ya dozi. Ukweli wote huilinda dawa kuliko sifa tupu.

Basi nalirudia swali letu nilijibu. Aliyeokolewa ana haki ya kulalamikia jeraha la wokovu wake, kwa sababu lalamiko lake si mashtaka wala si kufuru. Nasema zaidi ya hayo: ana wajibu wa kulisema, kwa daktari wake na kwa jamaa zake, maana yeye peke yake ndiye anayekijua kinachomsibu, na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Amshukuru Mungu, amshukuru daktari, aseme na miguu yake inavyomfanya. Kinywa kimoja chaweza kuyabeba yote mawili.

Wajibu mzito zaidi ni wetu sisi wazima, kwa kuwa ni rahisi kuukimbia. Tumezoea kuwaambia wagonjwa washukuru kwa sababu tunataka habari zao ziishe, ili tuweze kufurahi kwamba wamepona na kurudi katika shughuli zetu. Tujifunze kusikiliza mpaka mwisho habari ambayo hatuna dawa yake. Nawe, msomaji kijana, ukiketi siku moja kati ya daktari na mzee wako, na ukaulizwa mzee anaendeleaje, usijibu wewe. Mgeukie mzee, mwulize, ngoja amalize, kisha sema alivyosema.